Kiingereza cha chuo kikuu kitatusaidia nini sisi wa Lubondja?

Matokeo ya egzetati yakitoka, hapa kwetu Lubondja huwa kuna mambo mawili. La kwanza ni furaha: poda nyeupe kichwani, nyimbo, pikipiki zinazunguka kijiji na honi juu. La pili linakuja baada ya siku chache, poda ikiisha kuoshwa. Ni kikao cha jamaa. Huyu mtoto aende kusoma nini, wapi, na kwa pesa ya nani?

Mwaka 2025 kikao hicho kilikuwa nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kike alipata diploma ya Serikali katika pedagojia. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mimi kama mkubwa ndiye ninayeulizwa mambo ya masomo. Wazee walipomuuliza anataka kuendelea na nini, hakusema uuguzi, wala sheria, wala maendeleo ya vijiji kama wenzake wengi. Alisema: "Mimi nataka Kiingereza. Lugha yenyewe na fasihi yake."

Baba mdogo akacheka, lakini si kwa ubaya. Akauliza: "Mwanangu, hiyo fasihi inatibu malaria?" Watu wakacheka wote, na mdogo wangu pia akacheka. Kisha baba mdogo akasema kwa sauti ya utaratibu: "Tutauza mbuzi. Mbuzi hawarudi. Basi utuambie Kiingereza cha miaka mingi namna hiyo kitatusaidia nini hapa."

Swali hilo ni la haki. Najua limeulizwa katika nyumba nyingi, kuanzia hapa Lubondja mpaka Fizi-centre na Baraka, ndiyo maana naliandika. Mimi mwenyewe sikusoma chuo kikuu. Nilimaliza sekondari, nikafanya mafunzo ya uandishi wa habari, na tangu hapo natumikia redio. Lakini kazi ya redio ni kazi ya kubeba maneno ya watu, na katika kazi hiyo nimeona mambo ambayo yananisaidia kumjibu baba mdogo.

Kwanza tuseme ukweli: huku kwetu wengi wanaotaka Kiingereza wana sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kazi. Mashirika yanakuja, yanabandika matangazo ya kazi, na chini kabisa kunaandikwa kwamba anayejua Kiingereza atapewa nafasi mbele ya wengine. Vijana wanasoma mstari ule kuliko mistari mingine yote.

Sababu ya pili ni jamaa walio mbali. Vita vya 1996 viliwapeleka watu wa Fizi ng'ambo ya ziwa, Tanzania, katika kambi kama Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia 2005 wengi walirudishwa kwa meli mpaka bandari ya Baraka. Wengine hawakurudi. Walipelekwa Marekani, Kanada, Australia. Leo bibi anapigiwa simu ya picha na mjukuu aliyezaliwa huko. Mtoto anaongea Kiingereza, bibi anaongea Kibembe na Kiswahili, wanabaki kuchekeana tu kwenye kioo cha simu mpaka mkopo wa intaneti unakwisha.

Sababu ya tatu ni majirani. Kongo ilisaini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Mkataba wa jumuiya hiyo, ulioandikwa 1999, ulisema Kiingereza ni lugha rasmi, na Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wote. Kiswahili tunacho. Kifaransa chetu cha shule hakitufikishi mbali tukivuka ziwa na kufika Kigoma.

Sababu zote tatu ni nzuri. Lakini baba mdogo ni mtu mwerevu. Alisema kwamba kwa mambo hayo matatu inatosha kusoma miezi sita kwenye kituo cha lugha, halafu mtu aende kutafuta kazi. Kwa nini kukaa miaka darasani kusoma hadithi za Wazungu?

Jibu langu linaanzia katika kazi yangu.

Siku moja wageni wa shirika moja walikuja kuwaona watu waliokimbia mapigano ya milimani na kufika huku. Mimi nilikuwa na kinasa sauti changu. Wageni hawakujua Kiswahili, walikuja na mkalimani, kijana wa heshima, Kiingereza chake safi kuliko cha yeyote pale. Mama mmoja mtu mzima akapewa nafasi. Aliongea kwa muda mrefu. Alisema walitoka usiku. Alibeba sufuria kwa sababu popote utakapofika mtoto atauliza chakula. Alisahau mbegu ya maharagwe. Akasema mbegu ile aliipewa na mama yake, na mama yake aliipewa na bibi yake, kila mwaka walikuwa wanaitoa katika mavuno na kuifunga pembeni. Akasema: "Hata mkinipa shamba leo, hata mkinipa mbegu, nitakachovuna kitakuwa cha dukani. Kile cha kwetu kilibaki kwenye paa la nyumba iliyoungua."

Mkalimani akageuka kwa wageni. Kiingereza changu ni kidogo, lakini kilitosha kusikia alichosema: mama anahitaji chakula na mbegu. Mgeni akaandika kwenye karatasi yake, wakapita kwa mtu mwingine.

Kijana yule hakusema uongo. Chakula alihitaji, mbegu pia. Lakini kitu kikubwa alichokisema mama hakikuvuka. Kilibaki upande wetu kama mzigo ulioachwa bandarini. Na kijana hakukosa maneno ya Kiingereza: maharagwe anajua kusema, bibi anajua, paa anajua. Alichokosa ni mazoea ya kusikiliza namna mtu anavyosema, na kujua kwamba namna ile ni sehemu ya habari yenyewe.

Jioni ile nilitangaza sauti ya mama yule nzima, bila kukata. Mdogo wangu aliisikia nyumbani. Usiku akaniuliza: "Yaya, yale maneno ya mbegu, kwa Kiingereza yangesemwa namna gani?" Nikamwambia mimi siwezi. Akachukua daftari na kamusi yake ya zamani. Kesho yake nikaona ameandika maneno yale mara tatu, kila mara tofauti, na zote tatu amezifuta. Hapo ndipo hamu yake ya fasihi ilipoanza. Kwa mtu wa namna hiyo miezi sita ya kituo haitoshi.

Nina rafiki aliyemaliza Kiingereza ISP Bukavu, yaani taasisi ya juu inayofundisha walimu. Yeye alinieleza wanasoma nini. Kuna sauti za lugha na namna ya kuzitamka. Kuna sarufi, na jinsi maneno na sentensi zinavyojengwa. Kuna kutafsiri, na namna ya kufundisha, pamoja na staji mbele ya wanafunzi wa kweli. Na kuna fasihi: ya Uingereza, ya Marekani, na ya Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Mwishoni mwanafunzi anaandika kazi yake ya utafiti na kuitetea mbele ya walimu. Zamani ilikuwa graduat ya miaka 3, halafu lisansi ya miaka 2. Katika mfumo mpya wa LMD lisansi ni miaka 3.

Lakini kilichonigusa zaidi ni jina la idara yenyewe. Pale ISP Bukavu haiitwi Kiingereza peke yake. Inaitwa Kiingereza na Utamaduni wa Afrika. Nikamuuliza rafiki yangu kwa nini vitu viwili hivyo vikae chini ya jina moja. Akanijibu kwamba ukishasoma kile Waingereza walichoandika juu yetu, utaelewa mwenyewe.

Akaniletea mfano wa karibu kabisa. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ziwa Tanganyika wakitokea Ujiji. Walipanda mitumbwi kwenda kaskazini mpaka Uvira. Maana yake walipita mbele ya pwani yetu. Miaka miwili baadaye, 1860, Burton alichapisha kitabu kikubwa juu ya safari ile. Humo Wabembe wametajwa, na wametajwa kama watu wanaokula watu. Hakukaa nao, hakula kwao, hakujua lugha yao. Aliambiwa habari, alikuwa na ramani ya wamisionari iliyoandika hivyo hivyo, akathibitisha kwa kalamu yake. Kitabu kile bado kipo, na leo kinasomwa bure kwenye intaneti na mtu yeyote ulimwenguni anayejua Kiingereza.

Niliposikia hayo nilikaa kimya. Babu zetu waliandikwa miaka zaidi ya 160 iliyopita, na katika jamaa yangu hakuna hata mmoja aliyejua. Mtu akikusema vibaya sokoni, utaambiwa kabla ya jua kuzama. Akikusema katika lugha usiyoisoma, unaishi na jina hilo mgongoni bila kulijua.

Mfano wa pili ni wa nchi nzima. Joseph Conrad alizaliwa katika jamaa ya Wapolandi. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kipolandi, akajifunza Kifaransa, na Kiingereza kilikuja baadaye kabisa. Mwaka 1890 alifanya kazi kwenye meli ya mto Kongo, wakati wa utawala wa Leopold. Mwaka 1899 akatoa hadithi iitwayo Heart of Darkness, ambayo mpaka leo inasomwa vyuoni pande zote za dunia. Hadithi ile inaonyesha ukatili wa wakoloni, na wengi wanamheshimu kwa hilo. Lakini mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alisimama katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, akasema jambo ambalo wasomaji wengi hawakuwa wameliangalia: katika kitabu kile Waafrika karibu hawaongei. Wapo, wanakimbia, wanakufa, wanapiga kelele, lakini lugha hawakupewa.

Hapo nikamkumbuka mama wa maharagwe. Miaka zaidi ya 100 imepita, wageni wale walikuja kwa nia njema, wala si kwa kunyang'anya pembe za ndovu. Na bado neno lake halikuvuka. Achebe aliweza kuliona jambo lile katika kitabu kwa sababu alikisoma kitabu cha Conrad kwa makini, mstari kwa mstari, katika lugha ya mwenye kitabu. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, Ibadan. Masomo ambayo baba mdogo anayaita hadithi za Wazungu ndiyo yaliyompa nguvu ya kuwajibu.

Msifikiri jambo hili ni la Nigeria tu. Majirani zetu wa mashariki walilipigania kabla. Makerere, Uganda, ilikuwa chuo cha kwanza cha watu wengi wa eneo hili, na kuanzia 1949 digrii zake zilitolewa kwa uhusiano na chuo kikuu cha London. Mwanafunzi wa Kiingereza alisoma yale ambayo London ilitaka. Mwezi wa 6 mwaka 1962 waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana pale pale Makerere. Kati yao alikuwepo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, wakati ule akiitwa James Ngugi, aliyebeba muswada wake na kumpa Achebe ausome. Leo dunia inamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Mwaka 1968, tayari akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika barua wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Watu wengi wanaosikia habari hiyo wanadhani walikataa vitabu vya Uingereza. Sivyo. Walichouliza ni hiki: kwa nini Uingereza ikae katikati na Afrika ikae pembeni, sisi tukiwa Afrika? Walitaka mwanafunzi aanze na vya kwetu, pamoja na fasihi simulizi, yaani hadithi, nyimbo na methali za wazee, halafu atoke hapo kwenda kwa wengine. Baadaye Ngũgĩ alianza kuandika riwaya na michezo katika Kikikuyu, lugha ya mama yake. Mchezo mmoja ulioigizwa na wanakijiji wa Kamirithu ulimfunga gerezani mwishoni mwa 1977. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87. Siku ile tulisoma habari ya kifo chake redioni, na mdogo wangu akaniomba niisome mara ya pili.

Mtu anaweza kusema: hao ni watu wakubwa, sisi ni watu wa kijijini. Basi nitoe mfano wa Kivu. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, huko Kivu Kaskazini, mzee mmoja anayejulikana kwa jina la Candi Rureke aliimba na kusimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12. Ni hadithi ya mtoto aliyekataliwa na baba yake kabla ya kuzaliwa, akapambana mpaka akawa mtawala. Mtafiti wa Ubelgiji Daniel Biebuyck alikuwepo pamoja na wasaidizi wake wakaandika kila kitu. Halafu pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe, wakaitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1969 ikachapishwa Marekani pamoja na maneno ya Kinyanga. Leo wanafunzi wa Marekani wanasoma Mwindo kama wanavyosoma mashujaa wa Wagiriki. Hadithi ile ilitoka katika msitu wetu wa Kongo, mdomoni mwa mzee mmoja, na ilivuka nzima kwa sababu mmoja wa waliokaa mezani alikuwa mtoto wa lugha ile.

Sasa nawauliza wasomaji: hadithi za Wabembe ziko wapi? Za Wabuyu? Za Wafuliiru na Wanyindu, na za Wanyamulenge wa milimani? Ziko katika vichwa vya wazee, na wazee tunawazika kila mwezi, wengine kambini, wengine njiani.

Jibu langu kwa baba mdogo lilikuwa hilo. Kiingereza cha kituo kinamfundisha mtu kusema anachotaka yeye. Kile cha chuo kikuu, kikifundishwa vizuri, kinamfundisha kusikia kile mwenzake alichosema, kukishika kizima, na kukivusha. Na kinampa uwezo wa kusoma tulivyosemwa, ili ajibu.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sawa. Umesema vizuri kama redio. Lakini wakati anangoja kuvusha hayo maneno, atakula nini?"

Na hapo sitaki kuwadanganya wasomaji. Kazi ya kwanza ya aliyemaliza Kiingereza ISP ni ualimu. Shule zetu zinawahitaji sana. Katika shule moja ya huku aliyefundisha Kiingereza alikuwa mtu wa biolojia. Alijitahidi, lakini tulimaliza tukijua kuandika vitenzi kwenye ubao bila kuweza kumwambia mtu habari ya asubuhi. Uhitaji upo, mshahara ndio shida. Walimu wengi wa sekondari bado hawajaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali, wanaishi kwa mchango wa wazazi, na mzazi ambaye muhogo wake umeoza shambani kwa sababu ya vita hana cha kuchanga. Rafiki yangu wa ISP anafundisha asubuhi, na jioni anauza mafuta ya mawese. Alisema nimwandike hivyo hivyo.

Shida nyingine ni njia. Mwezi wa pili mwaka 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, na sisi tulikuwa upande ulioshikiliwa na Serikali. Katikati kulikuwa na mstari wa vita. Kumtuma binti wa miaka 19 apite pale na begi lake la vitabu ni jambo ambalo hata mimi ninayemtetea sikulikubali. Uvira pia kuna ISP, lakini barabara ya Baraka kwenda Uvira ina vizuizi vyake, na ziwani kuna upepo na boti zinazopakia kuliko uwezo. Vyuo vya Tanzania viko karibu kwa macho, taa za ng'ambo tunaziona usiku kutoka milimani, lakini gharama zake ni za mbali.

Mama ndiye aliyemaliza kikao. Alikuwa kimya muda wote akichambua sombe. Akasema: "Msiuze mbuzi wote. Uzeni wawili sasa, wawili wabaki wazae. Mtoto asiende mahali penye risasi. Lakini msimpeleke kwenye masomo asiyoyataka, kwa sababu pesa hiyo ndiyo itapotea kweli." Baba mdogo akakubali. Tukaandika kwenye daftari: mwaka huu anangoja, anasaidia kufundisha katika shule ya msingi hapa hapa, na tunatafuta nafasi Uvira kwa mwaka unaofuata, njia ikiruhusu.

Wakati anangoja hajakaa bure. Aliniomba kinasa sauti changu siku ambazo sina ripoti. Anakwenda kwa bibi yetu, mama wa baba, na kwa wazee wengine wa hapa, anarekodi hadithi. Anaziandika kwanza kwa Kibembe kama zilivyosemwa, pamoja na nyimbo zilizo katikati. Halafu kwa Kiswahili. Halafu ukurasa wa tatu anauacha wazi kwa Kiingereza. Mpaka leo ana hadithi 14. Kurasa za Kiingereza zilizojaa ni 2, na anasema hazijamridhisha.

Bibi mwanzoni alikataa. Alisema hadithi haisimuliwi mchana. Sasa mdogo wangu anakwenda jioni, na watoto wa jirani wamezoea kuja kusikiliza, kwa hiyo kwenye sauti kuna vicheko vingi, na mara moja kuna mbuzi. Tumekubaliana redioni tutatenga dakika kumi kila Jumamosi jioni kutangaza moja baada ya nyingine, kwa ruhusa ya wazee wenyewe.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma habari hizi, nina maombi mawili. Walio Lubondja, Fizi-centre, Baraka na vijiji vya kando ya ziwa: kama nyumbani kuna mzee anayejua hadithi, msingoje chuo kikuu. Simu yoyote inarekodi. Andikeni jina la msimuliaji, kijiji alikozaliwa na lugha aliyotumia, mtuletee. Na ninyi mlio Marekani, Kanada na Australia, ambao watoto wenu sasa wanaota kwa Kiingereza: mkimaliza na kamusi zenu na vitabu vya fasihi vya shule, msivitupe. Jamaa wanaporudi kutembea Baraka, wape kimoja au viwili kwenye begi. Huku kuna msichana ana kurasa 12 za kujaza, na najua si yeye peke yake.